Mashine Iliyosingiziwa

Ambindwile alianguka wakati gari lake la kwenye kioo cha televisheni likiongoza. Nurdin, aliyekaa ubavuni mwake akikimbizana naye kwa pedi ya pili, alidhani ni mbwembwe tu. Rafiki yake alikuwa na desturi ya kuegemea upande kila ilipokuja kona, kana kwamba benchi lenyewe lingepinduka asipolisawazisha. Safari hii aliegemea akapitiliza. Pedi ikamponyoka, kichwa kikagonga sakafu ya saruji, miguu ikaanza kupiga. Macho yakageuka meupe, povu likamtoka pembeni mwa mdomo, na muziki wa mashindano ukaendelea kulia kama kawaida.

Ilikuwa Jumapili alasiri, na mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha ile ya kutojua kuchoka. Watu waliokuwa wakingoja zamu walisimama wote kwa pamoja.

"Kifafa!" mmoja akapiga kelele. "Msimguse!"

Wakatoka mbio, wengine wakiacha viatu mlangoni. Nurdin alibaki. Hakuwa jasiri, miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Kisha akakumbuka kwamba anayetapatapa pale chini ni mtu aliyekula naye pilau kila Idi tangu wakiwa shule ya msingi. Akamgeuza akamlaza ubavu, akavua kofia yake na kuiweka chini ya kichwa kile kisiendelee kugonga saruji.

"Ambi. Ambi, ndugu yangu. Rudi."

Ambi alirudi polepole, hajui yuko wapi wala ni siku gani. Suruali yake ilikuwa imelowa. Nurdin alimfunika kwa kitambaa cha meza, na hapo ndipo alipoigeukia mashine. Aliichomoa kwenye umeme kwa ncha za vidole, kama mtu anayemtoa nyoka ndani ya nyumba.

Chumba kile kilikuwa nyuma ya kibanda chake cha kutengenezea redio, karibu na soko. Ukuta mzima ulikuwa rafu, na kwenye rafu zilipangwa mashine za gemu za zamani: moja yenye uso wa mbao, nyingine nyeusi ya kaseti nene, na hiyo iliyokuwa imewashwa sasa hivi, ambayo zamani ilikuwa ya kijivu na sasa jua limeifanya rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ndiyo ya kwanza. Aliipata miaka ya ruksa, vitu vya nje vilipoanza kumiminika. Mfanyabiashara mmoja alitoka nayo Dubai, ikaungua, akaichoka, akamwachia. Nurdin akaifufua. Tangu hapo zikawa kama zinamfuata zenyewe. Padri mmoja aliyerudi kwao alimwachia yake. Nyingine ilikuja kutoka Tunduma ndani ya robota la mitumba, imeviringishwa kwenye sweta. Kila iliyofika aliifungua, akaisafisha, akaipa nafasi yake rafuni, na hakuna hata moja aliyokubali kuitoa.

Pale stendi siku hizi kulikuwa na mashine za CD, picha zake kama sinema, na vijana wote walikuwa wamehamia huko. Kwa Nurdin walikuja watu wazima: mwalimu, fundi cherehani, karani wa mahakama. Waliingia na nyuso za kazini, wakapuliza vumbi kwenye kaseti, wakakaa kwenye benchi, na baada ya muda mfupi wakawa wanazomeana kama watoto.

"Zile mpya zinakuonyesha kila kitu," Ambindwile alipenda kusema. "Hizi picha zake ni madoa tu. Barabara, miti, watu wa kukushangilia, vyote unavijaza mwenyewe kichwani. Ndiyo maana haziishi utamu."

Naye barabara alizijua. Alikuwa dereva wa lori la majani ya chai, akizunguka vijijini toka Tukuyu mpaka kule Kisiba kwao, akishuka miteremko ambayo wengine waliishuka wakisali.

Nurdin na jirani mwenye pikapu ndio waliompeleka Ambindwile hospitali ya Igogwe. Daktari alimpima, akamuuliza kama amewahi kuanguka namna hiyo.

"Sijawahi," Ambindwile alijibu kabla swali halijaisha.

Tulia, mkewe, alikuwa amefika akihema, mtoto mgongoni. Nurdin alimwona akiinamisha uso na kuitazama sakafu. Aliona, ila hakulishika jambo lile.

"Alikuwa anafanya nini?" daktari aliuliza.

"Tulikuwa tunacheza gemu," Nurdin akasema, na sauti yake ikamtoka kama ya mtuhumiwa.

"Mwanga unaopepesa unaweza kumwangusha mtu," daktari alisema. Akaendelea kueleza, kwamba haya hutokea kama ugonjwa tayari umo mwilini, kwamba mwanga hauuleti bali huuamsha. Lakini Nurdin alikuwa amekwisha kulimeza lile neno la kwanza, likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mwanga ule ni wake. Yeye ndiye aliyeuwasha.

Maneno hayakungoja. Siku ya pili yake mji mzima ulikuwa unajua kwamba kwa fundi redio kuna mashine inayonyonya akili. Siku iliyofuata ikawa mashine ile ina jini, na jini lenyewe limetoka pwani pamoja na ukoo wa Nurdin. Mwalimu hakuja. Karani alipita upande wa pili wa barabara akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Wateja wa redio wakaja kuchukua redio zao zikiwa bado hazijapona.

Biubwa, mke wa Nurdin, alirudi kutoka sokoni na kikapu nusu.

"Mama wa ndizi leo kaniitikia salamu kwa shingo," alisema. "Nurdin, sisi hapa bado ni watu wa kuja."

"Babu yangu kazikwa hapa."

"Babu yako kazikwa, hana wa kumsema. Wewe ndiye unayeishi."

Tangu Jumapili Nurdin alikuwa halali vizuri. Akifumba macho anaona yale macho meupe ya Ambi. Alikuwa ameviondoa vifaa vyote kwenye umeme, hata redio ya kusikilizia taarifa, na bado kila alipopita karibu na rafu alihisi kitu kikimtazama kisogoni. Mtu mzima, fundi, anayejua kila waya uliomo ndani ya makasha yale! Aliona haya, na haya ile haikumwondolea hofu.

Ndipo akaja Mzee Hezron, baba yake Ambindwile, mzee wa kanisa, mrefu aliyevaa koti la mvua na viatu vya mpira. Alifuatana na wanaume wawili waliobaki mlangoni. Nurdin alimwinamia akamsalimu kwa Kinyakyusa.

"Mugonile, mzee."

"Ndaga, mwanangu." Mzee akakaa, akaweka fimbo kati ya magoti. Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama vilima vya kwao. "Baba yako alikuwa rafiki yangu. Redio yangu alikuwa anatengeneza yeye mpaka Mungu alipomwita. Sikuja kwa ugomvi. Lakini ile kitu imeangusha mtoto wangu."

"Mzee, daktari alisema..."

"Daktari ni mtu wa dawa. Mimi ni baba." Akazitazama rafu bila kuzitazama. "Vijana wengine wanataka kuja kuchoma zote, pamoja na hii nyumba. Mimi nimewaambia hapana, nitakwenda kuongea. Mbombo ngafu, mwanangu. Kazi ni ngumu. Ile iliyomwangusha, uitoe sisi tuivunje, watu waone. Fikiri, halafu uniambie. Ila usifikiri sana."

Kesho yake Nurdin alikwenda Kisiba. Alishuka barabarani akafuata kijia cha tope katikati ya migomba, asijue atapokewaje. Alimkuta Ambindwile ameketi barazani, jeraha la kipaji limeanza kukauka. Walishikana mikono muda mrefu. Tulia akaleta chai na ndizi za kuchoma, akaviweka, asiondoke.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "nataka nikwambie. Hii siyo..."

Kikohozi kikasikika kijiani. Alikuwa Mzee Hezron anapita kwenda shambani. Tulia aliinuka kama aliyechomwa, akajifunika khanga, akapotelea nyuma ya jiko; mkamwana wa Kinyakyusa haonani ana kwa ana na mkwewe, na katika boma lile desturi hiyo ilikuwa bado ina meno. Mzee akasalimu, akapita. Tulia hakurudi. Waliobaki barazani walikuwa wawili na chai inayopoa.

"Alitaka kusema nini?" Nurdin akauliza.

Ambindwile alichuna ganda la ndizi iliyoungua, akalichuna tena mpaka likawa nyuzi.

"Siyo mara ya kwanza," alisema.

Nurdin akaweka kikombe chini.

"Nilianza kuanguka mwaka juzi. Mara ya kwanza humo kwenye migomba, niko peke yangu. Mara nyingine kitandani, Tulia aliniona. Baba hajui. Tajiri wa lori hajui. Sasa mji mzima unasema ni mashine." Akainua macho, na ndani yake kulikuwa na kitu ambacho Nurdin hakuwahi kukiona kwa mtu huyu aliyecheka kwenye miteremko. "Waache waseme, Nurdin. Nakuomba. Mtu aliyeangushwa na mashine anapona. Mwenye kifafa hapewi usukani, hapewi hata kikombe cha kunywea. Mashine haina watoto. Mimi ninao."

"Wanataka kuivunja."

"Waivunje! Nitakutafutia nyingine, nitakutafutia kumi."

"Na lori?"

"Sijawahi kuanguka nikiwa kwenye usukani."

"Ambi, nyuma unabeba akina mama. Wanakaa juu ya magunia."

"Nimekwambia sijawahi."

Mvua ya rasharasha ilianza. Nurdin akiusema ukweli, anaokoa rafu yake na jina lake, na anamwangamiza rafiki. Akinyamaza, anamwokoa rafiki na kuwaweka watu wasiojua lolote mkononi mwa bahati. Akatafuta njia ya katikati, kama watu wengi wanavyofanya wakiogopa.

"Nitabeba lawama," alisema mwishowe. "Niitwe mchawi, sawa. Lakini usukani usiushike tena. Mwambie tajiri kifua kinakusumbua, akupe kazi ya kupakia. Na dawa uende ukachukue Igogwe. Niapie."

Ambindwile aliapa. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimtoka, na Nurdin akarudi Tukuyu akijiona mtu aliyefanya jambo kubwa.

Aliitoa mwenyewe ile mashine ya rangi ya chai. Waliivunjia kwenye bonde la taka nyuma ya soko, mchana kweupe, watu wamejaa ukingoni. Kijana mmoja alishika shoka. Pigo la kwanza lilitoa sauti ndogo tu, kama kifuu cha nazi, na baadhi ya watu wakaonekana kusikitika kwamba hakuna kilichotoka ndani zaidi ya ubao wa kijani na vumbi. Mzee Hezron alisali. Nurdin alisimama wima mpaka mwisho, akijua kuwa kusimama kwake pale ni kukiri mbele ya watu wote. Alipolitambua kasha la kaseti limepasuka katikati, ile ya mbio za magari, aligeukia upande kama anayekwepa moshi, ingawa moto ulikuwa haujawashwa.

Mji ukatulia. Biubwa akaanza kuitikiwa salamu. Redio zikarudi moja moja.

Kisha, asubuhi moja, Nurdin akiwa mlangoni anakunywa uji, lori la chai lilipita likielekea vijijini. Juu ya magunia matupu wachumaji walikuwa wamekaa wakiimba, wanawake tupu, khanga zao zikipepea. Kwenye usukani alikuwa Ambindwile. Macho yao yalikutana. Ambindwile akayarudisha mbele, akabadili gia.

Kikombe kilimtoka Nurdin mkononi. Alikimbia barabarani akipunga, akiita, lakini lori lilikuwa limeshaanza mteremko na mngurumo wake ukameza sauti yake. Akasimama pale katikati ya njia. Angemwendea nani? Angesema nini, yeye ambaye juzi alisimama bondeni akakubali kosa?

Siku ile haikwenda. Alijaribu kulehemu waya akajichoma kidole. Aliifungua redio ya mteja akasahau skrubu zinarudi wapi. Kila honi iliyopigwa ilimwinua kwenye kiti. Mvua ilinyesha, ikakatika, ikarudi, na yeye akawa anaziona kona za kule moja baada ya nyingine, tope lake, makorongo yake, na uso wa Ambi ukiegemea upande, ukiegemea, ukipitiliza.

"Una nini wewe?" Biubwa alimuuliza.

"Nangoja gari."

"Gari gani?"

"Lori la chai."

Biubwa alimtazama sana. Alivuta kigoda akakaa karibu naye, akaanza kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa, na wakangoja wote wawili.

Lori lilirudi jua likielekea kuzama, limesheheni. Akina mama walishuka sokoni wakicheka, wakidaiana mwavuli. Nurdin alipita katikati yao, akawaangalia nyuso kama anayehesabu wanawe, akaenda kuufungua mlango wa dereva.

"Shuka."

"Uliahidi," Ambindwile alisema akiwa ameuma meno.

"Na wewe uliapa."

"Tajiri alikataa! Kasema kama siendeshi, niende nyumbani. Nifanyeje? Nameza vidonge, Nurdin. Najisikia vizuri."

"Nilikubali kubeba lawama yako. Maiti za watu hawa sikukubali kuzibeba."

"Ukisema, tusijuane tena."

Nurdin aliushika mlango. "Basi tusijuane," akasema.

Asubuhi yake aliondoka mapema kwenda Kisiba. Njia nzima alijaribu maneno, na kila alilolijaribu lilikuwa baya. Alimkuta Mzee Hezron ananoa panga kando ya banda la ng'ombe, akamweleza yote akiwa amesimama, bila kupamba: kule kuanguka migombani, kule kitandani, kiapo, lori. Aliongeza na neno la daktari lote, safari hii, pamoja na sehemu ile inayomhusu yeye. "Mwanga wa mashine yangu uliuamsha ugonjwa, mzee. Hilo ni kweli, sitalikana. Lakini ugonjwa ulikuwemo."

Mzee aliendelea kunoa panga. Alinoa hata Nurdin akaanza kuogopa panga lenyewe. Kisha akaliweka chini.

"Nilikuwa na mdogo wangu," alisema. "Andongwisye. Alikuwa anaanguka. Siku moja alianguka jikoni, kwenye moto. Tulikuwepo watoto wengi pale. Tulikuwa tumeambiwa ukimgusa na wewe unashikwa. Hatukumgusa." Akapangusa uso wote kwa kiganja. "Nilipoambiwa kwa Ambindwile ni mashine, nilipiga magoti nikashukuru. Nilitaka iwe mashine, mwanangu. Nilitaka sana."

Nurdin alichuchumaa kando yake, wakakaa hivyo, ng'ombe akicheua.

"Wewe ulimgusa," mzee akasema baadaye. "Tulia aliwaambia wanawake. Ulimwekea kofia yako." Akainuka kwa kusaidiwa na fimbo. "Twende kwa huyo tajiri. Mimi ndiye nitakayeongea."

Na alikwenda akaongea, katika koti lake la mvua, mbele ya tajiri wa lori na wapakiaji wake. Ambindwile alinyang'anywa ufunguo siku ileile. Baada ya kusihiwa sana, tajiri akampa kazi kwenye kituo cha kupimia majani, mshahara mdogo, bila usukani. Habari ilienea kama zile za kwanza zilivyoenea. Watu waliokuwa wakimpa mkono Ambindwile wakaanza kumpungia kwa mbali. Yote aliyoyaogopa yakampata, au karibu yote. Kikombe cha kunywea hakunyimwa, kwa sababu baba yake alikunywa kwanza mbele za watu, kisha akampa yeye.

Masika yote Ambindwile hakusema na Nurdin. Wakikutana sokoni, alipita kama anapita mti. Nurdin alikubali, ila hakuzoea. Karani na mwalimu walirudi kwenye benchi, pedi zikashikwa tena, na yeye akawa amesimama karibu na swichi kila mtu anapocheza, akiwaangalia wao badala ya kioo. Aliweka taa ya pili chumbani, akawasogeza mbali na televisheni, akakataza kucheza muda mrefu. Wakamcheka. Akawaacha wacheke.

Siku moja Tulia alimkuta sokoni, mtoto mgongoni, mkungu wa ndizi kichwani. "Shemeji," alisema, "siku hizi napata usingizi." Hakuongeza kitu, akaenda zake.

Ambindwile alikuja kiangazi, Jumapili alasiri, chumba kikiwa kitupu. Alisimama mlangoni akiwa amenenepa kidogo, pengine kwa sababu ya vidonge.

"Sijaja kukusamehe," alisema.

"Sawa."

"Nimekuja kukaa tu. Kule nyumbani wananiangalia kama yai."

Alivuta kiti akakiweka kizingitini, akakaa akiipa televisheni mgongo, uso ukiangalia barabara. Mtu akapita na baiskeli.

"Ile nyeusi bado inafanya kazi?" akauliza. "Yenye gemu la ndege?"

"Inafanya."

"Iwashe. Wewe cheza, mimi nisikilize."

Nurdin alisita. Kisha akapunguza mwanga wa kioo mpaka mwisho, akapuliza kaseti, akaichomeka. Ndege ikaondoka na mlio wake mwembamba. Alijaribu kucheza, lakini macho hayakutaka kukaa kwenye kioo. Kila mara yalikimbilia mabega ya yule mtu wa kizingitini, kuangalia kama yameegemea, kama yametikisika, na yalikuwa mabega tu ya mtu aliyekaa anaota jua. Mlio ukabadilika, ukashuka, ukafa.

"Umegonga mlima," Ambindwile alisema bila kugeuka. "Pale ulitakiwa kupanda mapema. Anza tena."